Anzieni kwenye geji, cheti kitafuata: barua ya wazi kuhusu vipuri vya magari

Kwa Waziri anayesimamia viwanda na biashara. Kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kwa Huduma ya Ithibati ya Kenya (KENAS). Na kwa wakuu wa ununuzi na wa ubora katika viwanda vya kuunganisha magari vya Nairobi, Thika na Mombasa.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu masharti ya vyeti vya ubora wanayowekewa wanakandarasi wadogo wanaotengeneza vipuri: breketi (vishikio vya chuma), bushi, majani ya springi, fremu za viti, paipu za ekzosi. Masharti yenyewe hatuyapingi. Breketi ya tangi la mafuta ikikatika gari likiwa Mlolongo, abiria hawataulizana iliundwa Kariobangi au Japani. Tunachopinga ni mpangilio. Karakana inaambiwa ilete cheti cha IATF 16949, kiwango cha kimataifa cha ubora kwa sekta ya magari, kabla haijapewa mchoro, kabla haijajua oda ni ya vipande vingapi, na kabla haijapata pa kupeleka maikromita yake, kifaa cha kupimia vipenyo na unene, ikaguliwe. Matokeo yake ni kwamba pesa kidogo iliyopo inaishia kwa mshauri wa makaratasi, na kipuri kinabaki vilevile.

Kiwango chenyewe hakikuandikwa kitumike hivyo. IATF 16949 ilitolewa Oktoba 2016 kuchukua nafasi ya ISO/TS 16949, na imejengwa juu ya ISO 9001:2015, kiwango cha mfumo wa ubora kinachotumika kwa kazi za aina zote. Huwezi kuisimamisha bila msingi huo. Kifungu cha 8.4.2.3 kinampangia mnunuzi ngazi za kumkuza msambazaji wake. Mteja akiridhia, ngazi ya mwanzo ni kutimiza masharti ya ISO 9001 huku mnunuzi mwenyewe akija kukagua. Inafuata cheti cha ISO 9001 kutoka kwa wakaguzi wa nje wenye ithibati. Kisha cheti hicho pamoja na masharti ya ziada ya mnunuzi, kwa mfano yale ya MAQMSR, ambayo yaliandikwa mahususi kwa wasambazaji wa ngazi za chini. Kisha kutimiza IATF yenyewe kwa ukaguzi wa mnunuzi. Cheti cha IATF kinakuja mwisho kabisa. Anayekidai siku ya kwanza ameruka ngazi nne ambazo kiwango kinamtaka yeye, mnunuzi, azipande pamoja na msambazaji.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa tenda wanapaswa kulijua. Kiwanda kinachotengeneza vipuri vya kuuzwa madukani na kwenye gereji tu, bila kuvipeleka kwa mtengenezaji wa magari au kwa msambazaji wake, hakistahili kupewa cheti cha IATF 16949. Si suala la uwezo. Kanuni za kutoa cheti hazikiruhusu. Pia kinachotakiwa ni kumbukumbu za utendaji za miezi 12 pamoja na mzunguko mzima wa ukaguzi wa ndani. Karakana ambayo haijawahi kupata oda ya kiwanda cha magari itazitoa wapi? Kwa hiyo tenda inayosema "mwombaji awe na cheti cha IATF" imewafungia mlango karibu karakana zote za Kariobangi Light Industries na nyingi za Industrial Area, hata zile ambazo kazi yao ni safi.

KENAS nao, kwa kazi nzuri wanayoifanya kwingine, hapa mikono yao imefungwa. Mashirika yanayotoa vyeti vya IATF hutambuliwa na kusimamiwa na ofisi za IATF wenyewe, si na taasisi za ithibati za nchi moja moja. Mkaguzi mara nyingi atatoka nje, na tikiti na hoteli yake vinalipwa na anayekaguliwa. ISO 9001 ni tofauti: hiyo inakaguliwa hapa hapa, na kwa karakana yenye watu 16 hadi 25 jedwali la kimataifa la siku za ukaguzi linaanzia siku 3 kwa ukaguzi wa kwanza. Hicho ni kitu ambacho karakana ya kawaida inaweza kukipangia bajeti.

Sasa tuingie karakanani, kwa maana huko ndiko ubora unakopatikana au kupotea, na mara nyingi unapotelea kwenye kipimo.

Chukua bushi ya chuma yenye kipenyo cha nje cha milimita 30.00, na mchoro unaruhusu 0.05 juu au chini. Nafasi yote ni 0.10. Kanuni ya kazi inataka kifaa kiweze kusoma angalau sehemu moja ya kumi ya nafasi hiyo, yaani 0.01. Vania iliyo kwenye meza za karakana nyingi husoma 0.02 au 0.05. Fundi anaweza kuwa na mkono wa dhahabu, lakini kwa kifaa hicho anabahatisha. Anahitaji maikromita ya milimita 25 hadi 50, na kipande cha chuma cha kuisawazishia kila asubuhi.

Hata akiwa na maikromita, bado haijulikani kama vipimo vyake vinaaminika mpaka vijaribiwe. Jaribio lenyewe, ambalo kifungu cha 7.1.5.1.1 cha IATF 16949 kinalidai, halihitaji mashine yoyote. Chagua bushi 10 zilizotawanyika kutoka ndogo hadi kubwa kadiri mashine inavyozitoa. Ziandike namba mahali ambapo mpimaji hazioni. Watu 3 wapime kila bushi mara 3, kwa mpangilio uliochanganywa, na asiwepo anayeona alichoandika mwenzake. Utapata vipimo 90. Programu ya kawaida ya majedwali kwenye kompyuta inatosha kukokotoa. Ikiwa mtawanyiko unaotokana na kifaa na wapimaji uko chini ya asilimia 10 ya nafasi inayoruhusiwa, kipimo ni kizuri. Kati ya 10 na 30, mnajadiliana na mteja kulingana na uzito wa kipimo hicho. Ukizidi 30, simamisha, maana kila uamuzi wa kukubali au kukataa bushi ni wa kubahatisha.

Karakana nyingi zikifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza hupita 30, na sababu huwa zilezile. Mmoja anakaza maikromita kwa kushika pipa lenyewe badala ya kutumia kile kitufe cha nyuma kinacholia tiki-tiki, kwa hiyo anaibana bushi kuliko wenzake. Mwingine anapima ukingo ambao haujapigwa tupa, na vinyweleo vya chuma vinamwongezea 0.02. Wa tatu anapima bushi ikiwa bado ya moto. Bushi ya milimita 30 iliyotoka kwenye leti (mashine ya kukerezea) ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi imevimba kwa takriban 0.014 kuliko itakavyokuwa kwenye nyuzi 20, ambazo ndizo joto rejea la vipimo vyote vya urefu duniani. Akiisoma 29.96 akafurahi kwamba imepita, ikipoa itakuwa 29.946, na mnunuzi ataikataa kwa haki. Dawa yake ni ndoo ya kimiminika cha kupozea, kitambaa safi, na karatasi moja ukutani inayosema vipande vipimwe baada ya dakika ngapi. Gharama yake haifiki bei ya faili za mshauri.

Tunaomba hapa jambo la kwanza kwa KEBS. Maabara yenu ya vipimo pale Popo Road, South C, ndiyo mzizi wa vipimo vyote nchini. Karakana yenye maikromita moja ikiileta kwenu kwa kalibresheni, yaani kulinganishwa na kipimo rejea, kazi imesimama hadi irudi. Ndiyo maana wengi hawaileti. Wekeni siku maalum, mara moja kila robo ya mwaka, ambapo watu wenu watakwenda Kariobangi na Industrial Area kupokea vifaa kwa mkupuo, wakiacha vifaa vya kuazima vyenye cheti. Tangazeni mapema bei ya kila kifaa na siku kitakazochukua. Na cheti kinachorudi kionyeshe kilichosomwa kwenye kila nukta, kiasi cha mashaka ya kipimo, na kipimo hicho kimefuatiliwa hadi kiwango gani cha taifa. Karatasi inayosema "kimepita" peke yake haimsaidii fundi wala mkaguzi.

Baada ya kipimo kuaminika, ndipo hesabu za uwezo wa mashine zinapokuwa na maana. Turudi kwa bushi ileile. Tuseme leti inatoa bushi zenye wastani wa 30.02 na mtawanyiko wa kawaida wa 0.01. Fundi anapima 50, zote ziko ndani ya mchoro, anasema kazi iko sawa. Lakini kutoka kwenye wastani hadi ukingo wa juu kuna 0.03 tu, na ukigawanya kwa mara tatu ya mtawanyiko unapata Cpk, namba ya uwezo wa mashine, ya 1.00. Maana yake ni kwamba katika kila vipande 740 hivi, kimoja kitazidi. Mteja anataka 1.67 kwa majaribio ya mwanzo, au angalau 1.33 kwa makubaliano. Hapo ndipo mshauri hushauri kununua leti mpya. Lakini sogeza ncha ya kisu 0.01 kuelekea katikati, kipenyo kinapungua 0.02, wastani unarudi 30.00, na Cpk inakuwa 0.05 kugawa kwa 0.03, yaani 1.67. Mashine ileile, kisu kilekile, fundi yuleyule. Tunawasihi wakuu wa ubora katika viwanda vikubwa: mnapokataa mzigo, tumeni namba, msitume barua ya lawama tu. Namba hizi mbili, wastani na mtawanyiko, zingemwonyesha fundi kosa lake ndani ya saa moja.

Kwenye vipuri vinavyopitia moto, mambo ni magumu zaidi, na hapo maisha ya watu yanahusika moja kwa moja. Chuma cha SUP9, kinachotumika sana kwa majani ya springi, kwa viwango vya Japani huzimishwa kwenye oili kutoka nyuzi 830 hadi 860, kisha hupashwa tena kati ya 460 na 510. Ukikipasha mara ya pili chini ya hapo, jani linakuwa gumu lakini linavunjika kama kigae. Ukipitisha, linakuwa laini na lori linaanza kukaa upande mmoja. Ukiliacha tanurini muda mrefu kwenye moto wenye hewa nyingi, kaboni inatoka kwenye ngozi ya chuma. Ndani ni kigumu, nje ni laini, na ufa unaanzia hapo hapo nje ambako jani linanyumbuka zaidi. Kasoro hiyo haionekani kwa macho wala kwa tupa. Inaonekana kwa kukata kipande, kukisugua hadi king'ae, na kupima ugumu kuanzia ukingoni kuelekea ndani.

Yanayoharibu kazi ya moto yanajulikana. Kipimajoto kimoja kimewekwa karibu na kichomeo, kinasoma 850, huku pembe ya nyuma iko 800. Oili ya kuzimishia ilikuwa sawa saa mbili asubuhi, lakini kufikia saa nane mchana imepata moto na haipozi chuma kwa kasi inayotakiwa. Mafundi wanarundika majani mengi kwa pamoja, yale ya katikati hayashiki joto. Mwongozo wa CQI-9 wa kukagua kazi ya moto, ambao wanunuzi wengi wa magari huutaka kila mwaka, unayagusa yote haya: kupima usawa wa joto ndani ya tanuri lote, kulinganisha kipimajoto cha tanuri na kingine chenye kalibresheni, kuchunguza hali ya oili. Karakana inayopeleka majani yake kuchomwa kwa jirani haiondokani na wajibu huo. Mbele ya mteja, jirani huyo ni msambazaji wake, na lazima amkague.

Halafu kuna stima. Tunajua wote jinsi inavyopotea. Majani yakiwa tanurini kwenye 700 stima ikakatika kwa dakika 25, ikirudi fundi huendelea alipoachia. Kifungu cha 8.5.1.4 kinataka hatua za kuthibitisha kazi baada ya kila kusimama, na 6.1.2.3 kinataka mpango wa dharura ulioandikwa na kujaribiwa. Kwa lugha ya karakana: kila tanuri liwe na ubao unaosema stima ikipotea zaidi ya dakika fulani, majani yaliyomo ndani yatolewe, yapakwe rangi nyekundu, yawekwe kwenye kreti yenye kufuli, na yasichanganywe na mengine mpaka ugumu upimwe. Saa ya kupotea na ya kurudi iandikwe kwenye daftari. Wakaguzi wazuri huuliza daftari hilo kabla ya kitu kingine, kwa sababu Nairobi daftari tupu la mwaka mzima haliwezi kuwa la kweli.

Chuma chenyewe nacho kinapotea njiani. Kikifika kutoka kwa muuzaji kina namba ya mchomo wake na cheti cha kiwanda kilichokiyeyusha, na namba hiyo iko kwenye ncha ya fito. Kipande cha kwanza kinachokatwa ni hicho cha ncha. Kuanzia hapo zile mita tano zilizobaki hazina jina. Fito iwekewe rangi urefu wake wote siku inapofika, kila mchomo rangi yake, na kadi inayofuata kazi iandikwe namba kabla msumeno haujaguswa. Muuzaji asiyekuwa na cheti cha kiwanda asinunuliwe chuma cha kipuri cha usalama, hata bei yake ikiwa nzuri vipi.

Sasa PPAP, faili la kuidhinisha kipuri kabla uzalishaji haujaanza, ambalo wengi hulidhani kuwa ni uzito wa karatasi. Lina vipengele 18 na viwango 5 vya uwasilishaji, na mnunuzi asiposema lolote linahesabiwa kuwa kiwango cha 3: sampuli pamoja na ushahidi wote. Sampuli hizo zitoke kwenye uzalishaji halisi wa saa 1 hadi 8, vipande visivyopungua 300 mfululizo, isipokuwa mwakilishi wa mteja ameandika vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayotaka wakuu wa ununuzi wayatumie. Magari yanayounganishwa nchini yanazunguka elfu kumi hivi kwa mwaka, yakigawanyika katika aina nyingi. Tuseme aina moja ya lori huunganishwa 40 kwa mwezi, na kila lori linachukua breketi mbili. Vipande 300 ni karibu miezi minne ya oda, vimetengenezwa na kulipiwa chuma kabla kazi haijakubaliwa. Mchoro ukibadilishwa katikati, vinauzwa kwa kilo kama skrepu. Mnunuzi anaruhusiwa kuandika vipande 50 au 80 na kudai kila kimoja kipimwe. Aandike.

Sampuli hizo zitengenezwe kwa jigi (kishikilio cha kipande kinapofanyiwa kazi), mashine na watu watakaofanya kazi ile kila siku. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kwamba sampuli inatengenezwa na fundi mkuu kwa mkono, kwa siku mbili, inang'aa. Kisha mzigo wa kweli unafanywa na vibarua kwa jigi nyingine. Breketi za sampuli zinapita, za mwezi wa pili zinakataliwa, na kila upande unamshuku mwenzake.

Ndani ya faili hilo kuna karatasi tatu ambazo lazima ziseme lugha moja: FMEA (uchambuzi wa kasoro zinazoweza kutokea, sababu zake na madhara yake), mpango wa udhibiti, na maelekezo ya kazi yaliyobandikwa mashineni. Kwenye FMEA mmeandika kwamba weldi inaweza kukosa kupenya. Kwenye mpango wa udhibiti mmeandika breketi 5 zikatwe kila shifti kuangalia kupenya. Mkaguzi akifika mashineni anakuta fomu yenye safu mbili tu, na msumeno wa kukatia umekufa tangu Pasaka. Hicho ndicho kinachoangusha watu, wala si kukosa mwongozo wenye jalada la dhahabu. ISO 9001:2015 hata haidai mwongozo wa ubora. FMEA ifanywe mchomeleaji akiwa chumbani. Yeye ndiye anayejua kwamba gesi ikikaribia kuisha weldi hutoa vitundu, na kwamba vumbi la barabara ya Komarock huingia mlango ukiachwa wazi. Mshauri aliyenakili jedwali la kiwanda cha nchi nyingine hawezi kulijua hilo.

Tuseme wazi pia kuhusu vyeti vya kununua. Kuna wanaouza ISO 9001 ndani ya wiki mbili, bila mkaguzi kufika. Kuna wanaoandika nyaraka na kutoa cheti wenyewe, jambo linalokatazwa na ISO/IEC 17021-1, kwa sababu aliyeijenga nyumba hawezi kuwa ndiye anayeithibitisha. Mnunuzi anaweza kuangalia mambo matatu kwa dakika chache: nembo ya taasisi ya ithibati iliyo kwenye cheti, kama taasisi hiyo imo kwenye makubaliano ya kimataifa ya IAF, jukwaa la taasisi za ithibati duniani, na kama wigo wa cheti unataja kazi yenyewe. Cheti cha "biashara ya jumla" hakihusu kuchomelea fremu za viti. Hazina ya IAF CertSearch iko wazi kwenye intaneti kwa kutafuta. Wanaokubali vyeti hivi bila kuangalia wanawaumiza waaminifu, wale waliokaa mwaka mzima wakijaza madaftari.

Mheshimiwa Waziri, tunayoyaomba kwako hayahitaji sheria mpya. Tenda za serikali na nyaraka za sera zitaje ngazi inayofaa kwa kila aina ya kipuri badala ya kutaja cheti kimoja kwa wote. Breketi ya namba ya gari haihitaji anachohitaji mtengenezaji wa kiungo cha usukani. Pili, gharamia chumba kimoja cha pamoja cha vipimo, kitakachotumiwa na karakana za Kariobangi, Kamukunji na Industrial Area kwa ada ndogo. Usianze na mashine kubwa ya kupimia kwa pande tatu. Hiyo inataka chumba chenye joto lisilobadilika na mtu wa kuiendesha kila siku, na bila hivyo itageuka meza ya kuwekea chai. Anza na meza ya graniti, seti ya vipande vya kusawazishia, maikromita za 0 hadi 100, kipima ugumu, msumeno na mashine ya kung'arisha vipande vya chuma, kinasa joto chenye waya za kutosha kupima tanuri zima, na kifaa cha kutambua aina ya chuma. Weka mafundi wawili wa vipimo wenye mkataba wa kudumu. Bila watu, vifaa vitafungiwa kabatini ndani ya mwaka.

Taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ipo, Numerical Machining Complex ipo, na vyuo vikuu vina maabara. Kwa KENAS, ombi letu ni kwamba maabara za umma zisukumwe na kusaidiwa kupata ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa vipimo hasa vinavyodaiwa na wanunuzi wa magari: ugumu, uimara wa chuma kikivutwa, muundo wa kemikali, na kutu kwa mvuke wa chumvi. Kifungu cha 7.1.5.3.2 kinataka maabara ya nje iwe na ithibati hiyo, au iwe imekubaliwa na mteja. Kila kipimo ambacho hakina maabara kama hiyo hapa ni sampuli inayopelekwa ng'ambo kwa gharama ya mwanakandarasi mdogo.

Kwa viwanda vya kuunganisha magari, tunaomba mkaguzi mmoja na ripoti moja. Karakana ya watu 20 yenye wateja watatu hukaguliwa mara tatu kwa orodha tatu zinazofanana kwa sehemu kubwa, na kila ukaguzi unasimamisha kazi siku nzima. Kubalianeni orodha moja ya msingi, mkimwachia kila mnunuzi kurasa mbili za mambo yake. Mkaguzi wenu awe amefanya kazi ya chuma, ajue kusoma weldi, na abaki hadi saa kumi jioni kuonyesha penye kosa. Halafu lipeni kwa wakati. Mwanakandarasi anayesubiri malipo siku 90 ndiye anayeahirisha kalibresheni na kununua waya wa weldi wa bei ya chini. Kasoro hiyo itawarudia nyinyi kwenye mstari wa kuunganisha.

Hatua ya haraka inaweza kuanza na LPO inayofuata. Iandikwe juu yake: namba ya mchoro na toleo lake, vipimo vipi ni vya usalama, ngazi ipi ya 8.4.2.3 inayotakiwa sasa, na ipi baada ya miezi 12; kiwango cha PPAP na idadi ya vipande vya majaribio; kifaa na njia ya kupimia kila kipimo cha usalama; jina la maabara mnayoikubali; na oda ya angalau miaka miwili endapo vipande vitapita. Kwa karatasi hiyo mkononi, mwenye karakana anaweza kwenda benki, kununua maikromita, na kumtuma fundi wake kwa mafunzo NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda. Tunaomba viwanda vitatu vikubwa vianze na vipuri vitano kila kimoja, na Wizara iviite pamoja na karakana zinazohusika kabla robo hii ya mwaka haijaisha, michoro ikiwa mezani.

Wenu,

Wahandisi, wakaguzi wa ubora na mafundi wa vipuri vya magari
Nairobi